Enjenia sivili, enjenia indistriyeli au uhandisi wa viwanda? Kabla hujaandika jina lako Lubumbashi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata diploma ya serikali mwaka huu, upande wa sayansi. Siku mbili baada ya meseji ya matokeo kuingia kwenye simu alikuja kwangu Kamalondo na karatasi aliyoikunja mara nne. "Yaya," alisema, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "nataka indistriyeli. Ila kila ninayemuuliza ananipa jibu lake." Kwenye karatasi kulikuwa na majina matatu: politekiniki, indistriyeli, jeni indistriyeli. La pili na la tatu alidhani ni kitu kimoja. Wengi wanadhani hivyo, hata wazazi wanaojinyima ili minervali, yaani ada ya chuo, ilipwe. Haya nimemwandikia yeye kwanza, pamoja na wengine wenye karatasi kama ile.

Mimi nilisoma elektromekaniki, yaani mashine na umeme, na kazi yangu leo ni kupanga matengenezo kiwandani. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za mto huu, na nina upande ninaoupenda zaidi. Sitauficha.

Majina kwanza

Tuanze na neno sivili, maana ndilo linalopoteza watu mapema. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi ukataja enjenia sivili, watu wanaona barabara, madaraja na maghorofa. Kwetu Congo tulirithi shule za Wabelgiji, na kwao enjenia sivili ni cheo cha masomo marefu ya chuo kikuu, yenye hesabu nyingi na nadharia nzito: kuna sivili wa migodi, sivili wa metalijia (utengenezaji wa metali), sivili wa elektromekaniki, sivili wa kemia. Zamani neno hilo lilimtofautisha na enjenia wa jeshi. Sivili wa metalijia anaweza kufika pensheni bila kugusa saruji.

Enjenia indistriyeli ni cheo kingine cha Kibelgiji. Kilitungwa kwa sheria ya tarehe 18 Februari 1977, kikachukua nafasi ya yule aliyekuwa akiitwa enjenia teknisie. Huyu naye ni mtu wa mashine, umeme au kemia, ila masomo yake yanaegemea maabara, karakana na sitaji (mazoezi ya kazini) kuliko nadharia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina vyote viwili: Fakilte ya Politekiniki kwa masivili, na shule ya maenjenia indistriyeli, ile inayoitwa ESI.

La tatu ndilo linalochanganya. Jeni indistriyeli, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita uhandisi wa viwanda, si masomo ya mashine. Ni masomo ya mfumo mzima: watu, mashine, malighafi, muda na pesa vinavyopita mahali pamoja. Fani hii ilizaliwa Marekani. Frederick Taylor alishika saa akapima kazi ya mikono hatua kwa hatua. Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke, walitazama mikono yenyewe inavyokwenda. Chuo cha Pennsylvania State kilianza kuifundisha kama fani inayojitegemea mwaka 1909.

Kwa Frank Gilbreth nitakaa kidogo, kwa sababu alianza kazi kama fundi wa matofali, na matofali tunayajua. Aliona fundi anainama hadi chini kwa kila tofali, anasimama, analigeuzageuza kutafuta uso mzuri, kisha ndiyo analiweka. Akatengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali na udongo vikae usawa wa kiuno, na msaidizi ayapange matofali yakiwa yamegeuzwa tayari. Miondoko ya fundi kwa tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi 5. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa wala mtu aliyeambiwa aongeze kasi. Pita Ruashi au Katuba panapojengwa nyumba leo, hesabu ni mara ngapi fundi anainama kwa saa moja. Ukijikuta unapanga upya pale mahali kichwani mwako, una damu ya fani ya tatu.

Basi kuna njia tatu, na mbili kati yake zina jina linalofanana bila kuwa na undugu wa karibu. Enjenia indistriyeli wa ESI yuko karibu na sivili wa elektromekaniki kuliko na mtu wa jeni indistriyeli.

Ukumbi mmoja, macho matatu

Nilifanya sitaji kwenye kiwanda cha shaba, siku hizo nikiwa mwanafunzi. Waliniweka kwenye ukumbi wa elektrolisisi. Kama hujauona: ni jengo refu, chini yake mamia ya matangi yamepangwa safu kwa safu, ndani yake maji ya buluu yenye tindikali na shaba iliyoyeyuka. Juu ya maji vinaelea vitufe vya plastiki kuzuia mvuke usipande, lakini bado unawasha koo. Kwenye matangi yamening'inizwa mabamba ya chuma kisichoshika kutu. Umeme unapita, shaba inaganda kwenye bamba taratibu, karibu wiki nzima. Kisha kreni inanyanyua mabamba, yanaoshwa, shaba inabanduliwa, inapimwa, inafungwa mafungu kwa mikanda ya chuma. Hiyo ndiyo katodi inayopanda lori.

Wiki ile uzalishaji ulikuwa umeshuka, na mkubwa wa ukumbi aliita watu. Mtu wa metalijia aliuliza kuhusu umeme unaopita kwa kila mita ya mraba, tindikali ni gramu ngapi kwa lita, kwa nini shaba inaota vinundu. Mtu wa elektromekaniki aliuliza kuhusu mota ya kreni, ambayo ilikuwa inapata joto kupita kiasi. Maswali ya haki yote mawili, na kila mmoja alikwenda kulishughulikia lake.

Mzee mmoja wa zamu, asiye na diploma kubwa, ndiye aliyeuliza la tatu: "Mbona kreni inasimama?" Nikapewa kazi ya kukaa na daftari. Nilikaa saa nane, nikiandika kila dakika kreni iko wapi na inafanya nini. Ilionekana kwamba kwa muda mrefu ilikuwa imening'iniza mabamba hewani, ikingoja mahali pa kuyashusha, kwa sababu katodi zilizobanduliwa zilijaa kwenye njia zikingoja kufungwa mikanda. Na kwenye mikanda alikuwa anafanya kazi mtu mmoja, na koleo lake la kubania mikanda lilikuwa limechakaa. Koleo la mkononi lilikuwa linasimamisha ukumbi mzima. Mota ya kreni ilikuwa inapata joto kwa ajili ya kuwashwa na kuzimwa bila mpango.

Sijawahi kulisahau koleo lile. Lilinionyesha kwamba kuna swali ambalo miaka yangu yote ya politekiniki ilikuwa haijaniuliza. Na ndicho kipimo ninachompa mdogo wangu: ukisimama mbele ya kiwanda, jicho lako linakwenda wapi lenyewe? Likiingia ndani ya mashine kutaka kujua inazungukaje, nenda politekiniki au ESI. Likitazama kati ya mashine na mashine, pale vitu vinapolundikana na watu wanapongoja, wewe ni wa uhandisi wa viwanda.

Masomo yanavyokaa bega kwa bega

Mwaka wa kwanza ni karibu sawa kila mahali: hesabu ya analisi, aljebra, fizikia, kemia, michoro ya ufundi, programu ya kompyuta. Anayekwepa hesabu asidhani jeni indistriyeli ni mlango wa nyuma. Nimesikia watu wakiiita "enjenia ya wanaoogopa fizikia". Si kweli. Hesabu zipo, za aina nyingine.

Kuanzia mwaka wa pili njia zinaachana. Elektromekaniki inakupeleka kwenye joto na nishati, nguvu za vyuma, mwendo wa maji kwenye mabomba, mota, transfoma, otomatiki. Kwenye ESI utakutana na mengi ya hayo hayo, kwa nadharia pungufu na mikono zaidi. Uhandisi wa viwanda unakupeleka kwenye uwezekano na takwimu, na hapo utakaa sana. Kisha unakuja utafiti wa operesheni: namna ya kuchagua mpango bora kati ya mipango maelfu, kwa njia aliyoitoa George Dantzig mwaka 1947. Unakuja udhibiti wa ubora, uliotokana na chati aliyochora Walter Shewhart mwaka 1924. Zipo pia nadharia ya foleni, upangaji wa uzalishaji, stoku, gharama, na ergonomia, yaani kuifanya kazi ilingane na mwili wa mtu.

Ergonomia wengi wanaipita haraka. Ninaomba usiipite. Saa ya kupimia kazi, ikiwa mkononi mwa mtu asiyejali, inakuwa fimbo ya kumkamua mfanyakazi. Lillian Gilbreth alikuwa na udaktari wa saikolojia, na yeye na mumewe waliandika juu ya uchovu kama hasara ya kiwanda. Katika joto la hapa kwetu mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, hilo ni jambo la uhai.

Foleni nayo ina sheria moja fupi ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Nilimwandikia mdogo wangu mstari huo mmoja nyuma ya karatasi yake, nikamtuma kwenye mashini ya kusaga mahindi ya mtaani kwao Katuba. Nitarudi kwake.

Kwa nini hapa, si Brussels

Kipuri cha pampu kikiharibika Ulaya, unapiga simu na kesho kimefika. Hapa kipuri kinatoka bandari ya Durban, kinavuka Beitbridge, kinapita Zimbabwe, kinavuka Chirundu, kinapita Zambia yote, halafu kinafika mpaka wa Kasumbalesa na kujiunga na foleni ya malori. Au kinatoka Dar es Salaam kupitia Tunduma. Safari moja ni wiki chache, nyingine inakula mwezi na zaidi, kwa kipuri kile kile na msafirishaji yule yule.

Mtu wa elektromekaniki atakuambia pampu itaharibika lini, na hiyo ni elimu kubwa. Lakini swali la ghala ni jingine: niweke pampu ngapi za akiba? Ukiweka nyingi, umelaza dola kwenye rafu ambazo zingelipa mishahara. Ukiweka chache, siku moja kiwanda kinasimama kungoja lori lililokwama mpakani. Ford Harris aliandika fomula ya kuagiza mzigo mwaka 1913, na bado inafundishwa, ila inadhani mzigo unafika siku uliyoahidiwa. Kwetu kinachosumbua zaidi si urefu wa safari, ni kuyumba kwake. Lori likichukua siku 30 kila mara, unapanga. Likichukua 18 leo na 50 kesho, lazima uwe na akiba, na kiasi chake kinahesabiwa kwa takwimu. Nimeona ghala zenye boriti za miaka na miaka ambazo hakuna anayezihitaji, na beringi ndogo ya kila wiki haipo. Naumia kila nikiona hivyo, kwa sababu si umaskini unaosababisha. Ni hesabu ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuifanya.

Ndiyo maana nasema mji huu unaihitaji fani hii kuliko miji inayoifundisha. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na tangu siku hiyo kila kitu chetu kinategemea njia ndefu.

Kazi

Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Matangazo ya kazi ya migodi yanaandikwa kwa majina ya zamani: sivili wa migodi, metalijia, elektromekaniki. Anayesoma faili za maombi anatafuta maneno hayo. Ukija na diploma ya jeni indistriyeli kutoka nje, utaeleza mara nyingi wewe ni nani. Wakati huo huo, kazi zenyewe za fani hiyo zipo na zinaongezeka: mpangaji wa matengenezo, mkuu wa ghala, msimamizi wa ubora, mtu wa ugavi, mchambuzi wa uzalishaji. Mara nyingi zinashikwa na watu kama mimi, waliosomea kingine wakajifunza kazini.

Kuna mlango wa pili ambao vijana wanausahau. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Usafirishaji, chakula cha wafanyakazi, kushona sare, kutengeneza vyuma: kampuni ndogo nyingi zimeingia humo. Nyingi zina wachomeleaji hodari na hazina mtu wa kujua kazi moja inagharimu kiasi gani na itaisha lini. Mhandisi wa viwanda kwenye kampuni ya watu 30 anaonekana ndani ya miezi mitatu.

Kwa upande wa usalama wa ajira nchini, politekiniki bado inaongoza. Kwa kupanda kwenda uongozi, mtu wa mfumo ana njia fupi zaidi, kwa sababu anazungumza na karakana na ofisi ya fedha kwa lugha zao zote mbili. ESI inakuingiza karakanani mapema. Kwa mtoto aliyetoka shule ya ufundi, mekaniki au umeme, mikono yake itaheshimiwa pale tangu siku ya kwanza.

Wapi, na kwa miaka mingapi

Sasa tuko kwenye LMD, mfumo wa lisansi, masta na udaktari: miaka 3 ya lisansi, kisha 2 ya masta. Mjomba wako akisema "lisansi" anamaanisha ile ya zamani, graduwa miaka 3 na lisansi 2, jumla 5. Hilo linaleta ugomvi nyumbani, mzazi akidhani baada ya miaka 3 umemaliza kama yeye alivyomaliza. Ukichagua uenjenia, mwambie mapema kwamba unakwenda hadi masta.

Anayetaka uhandisi wa viwanda wenyewe tangu mwaka wa kwanza ana njia karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinautoa kwa miaka 4. Afrika Kusini upo Pretoria, Stellenbosch na Witwatersrand, nako kwa miaka 4. Kwa Dar, Kiswahili chako kitakusaidia sokoni na bwenini, ila darasani ni Kiingereza, na aliyesoma kwa Kifaransa tangu msingi atapata taabu miezi sita ya kwanza. Fikiria pia visa, kodi ya chumba, na upweke. Sizungumzi vibaya juu ya kuondoka, nasema hesabu ifanywe na familia nzima mezani.

Kwa asiye na msaada wa kwenda nje, shauri langu ni hili. Ingia elektromekaniki politekiniki kama hesabu zako ni imara na unaweza kuvumilia mwaka wa kwanza unaochuja watu bila huruma. Ingia ESI kama unajifunza kwa kushika. Kokote utakakokuwa, usilidharau somo la takwimu, hata likiwekwa saa saba mchana na asistanti anayesoma silabasi neno kwa neno. Jifunze Kiingereza cha kusoma. Jifunze kutumia lahajedwali vizuri kuliko wote darasani. Chagua sitaji kwenye upangaji au ghala wakati wenzako wanagombea mtambo mkubwa. Halafu masta ndiyo uipeleke kwenye jeni indistriyeli, hapa au mbali. Hiyo njia inakuchelewesha miaka michache kufika unapotaka, lakini unafika ukiwa na diploma ambayo kila mwajiri wa Katanga anaielewa, na unaijua mashine kutoka ndani. Mhandisi wa mfumo aliyewahi kufungua gia kwa mikono yake hadanganywi na fundi.

Na kama mtoto ana nafasi ya kwenda Dar na jicho lake ni lile la kutazama foleni, aende moja kwa moja. Asipoteze miaka mitano kwenye mota kwa ajili ya kumridhisha baba.

Sasa mdogo wangu. Alikaa mashini Jumamosi mbili, ndoo ya mahindi ya mama yake miguuni, daftari mapajani. Aliandika kwamba saa ya shughuli nyingi wanaingia watu 24, na kila akihesabu waliomo anakuta kama 18. Kwa mstari ule wa Little, kila mtu anakaa robo tatu ya saa. Kusaga kwenyewe ni dakika 4, na mashini ziko mbili. Mwenye mashini alimwambia anakusanya pesa anunue ya tatu.

Jumamosi ya pili akapima mizani. Ni moja tu, na mwenye mizani ndiye anayepokea pesa na kutafuta chenji: dakika 2 na sekunde 20 kwa mtu. Maana yake mizani inaweza kupitisha watu 25 hivi kwa saa, wakati wanaokuja ni 24. Mashini mbili zinaweza kusaga za watu 30. Mashini ya tatu ingekaa bure, na foleni ingebaki pale pale mlangoni. Alirudi kwangu jioni anaongea haraka hata nikamwambia akae kwanza ale bukari.

"Yaya, ni mizani. Anunue mizani nyingine, au mtoto wake akae na chenji." Ameshamwambia mwenye mashini, na yule baba amekubali kujaribu mwisho wa mwezi. Kwa pesa za mama mdogo Dar haiwezekani mwaka huu, kwa hiyo Jumatatu tunakwenda wote wawili politekiniki kuchukua fomu ya konkuru, mtihani wa kuingia. Elektromekaniki. Daftari ameniachia, anasema nimtunzie hadi masta.